Makali ya kisu, mteremko mmoja mpana, mwingine mwembamba: urekebishe mara moja au kidogo kidogo?

Opinel namba 8 yangu, kisu cha kukunja cha Kifaransa chenye bapa la sentimita 8.5, ilikuwa na mteremko mpana wa makali (ule ukanda wa mshazari unaonolewa) upande wa kushoto; wa kulia ulikuwa kama uzi. Upande mmoja nilikuwa naukandamiza zaidi kwenye jiwe bila kujua.

Njia ya mara moja ni kuchukua jiwe la kunolea la namba 220, lenye chembe kubwa, na kusugua upande mwembamba peke yake mpaka ulingane na mwenzake. Makali yanarudi katikati. Kwanza paka mteremko wino wa maka peni, kisha pitisha kisu mara mbili tu na uangalie kwenye mwanga. Wino ukibaki juu, karibu na bapa, umekiinua mno. Ukibaki kwenye makali yenyewe, umekilaza. Kazi inaisha jioni moja, lakini chuma kinaliwa, na hakirudi.

Njia ya pili: kila unaponoa kwa jiwe la namba 1000, lenye chembe ndogo, upande mwembamba upe mapito kumi, mpana matano. Inachukua miezi. Hapo pembe ya kisu kwenye jiwe iwe ile ile pande zote, kwa sababu kama tofauti imetokana na pembe, mapito ya ziada hayasaidii kitu.

Mimi nachagua ya pili. Kisu kikiwa kikali kinakata nyanya vizuri hata miteremko ikitofautiana. Jiwe la 220 nalitumia makali yakiwa na pengo tu.