Makundi mawili au washiriki walewale?

Tuseme mwanafunzi wa saikolojia Chuo Kikuu cha Maseno anaandika pendekezo la kupima kama kelele za steji ya matatu Kisumu zinapunguza maneno ambayo mtu hukumbuka.

Akitumia makundi mawili, moja kwenye kelele na jingine kwenye kimya, kwa athari ya wastani (d = 0.5, yaani tofauti ya nusu ya mtawanyiko wa kawaida wa alama), kiwango cha 0.05 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo) na uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuigundua tofauti iliyopo), anahitaji watu 64 kila kundi. Akiwapima watu walewale kwenye kelele na kwenye kimya, 34 wanatosha, iwapo alama zao mbili zinahusiana kwa 0.5 (0 ni kutohusiana, 1 ni kuhusiana kikamilifu). Kwa bajeti ya mwanafunzi, mpango huu ndio bora.

Ila hapa ndipo mapendekezo mengi hukwama: orodha ileile ya maneno ikisomwa mara mbili, mazoezi humpandishia mtu alama. Andaa orodha mbili za maneno 20, zilingane kwa urefu na kwa jinsi maneno yanavyojulikana. Nusu waanze na kelele, nusu na kimya, na orodha nazo zibadilishane. Hiyo ni mipangilio minne, kwa hiyo omba washiriki 36, tisa kila mpangilio.

Makundi mawili yafaa pale mshiriki akishajua lengo hawezi kurudia. Wagawe kwa kura; wa asubuhi wakipewa kimya na wa jioni kelele, uchovu utajificha ndani ya matokeo.