Trochilus na collybita: namna ya kuwatofautisha

Phylloscopus trochilus na Phylloscopus collybita (majina yao ya kisayansi) ni ndege wadogo wa misitu ya Ulaya, wenye uzito wa gramu 10 hivi, mgongo wa kijani cha zeituni na mstari mwepesi juu ya jicho. Kwa macho peke yake utachanganyikiwa, basi tega sikio kwanza. Phylloscopus collybita hurudia noti mbili bila kuchoka: chif-chaf, chif-chaf. Phylloscopus trochilus huimba wimbo mtamu unaoshuka taratibu mpaka unafifia, na kwangu huyu ndiye mwimbaji hasa. Mtaalamu wa viumbe Mwingereza, Gilbert White, aliwatenganisha kwa sauti tangu karne ya 18.

Wakinyamaza, tazama miguu: ya collybita kwa kawaida ni myeusi, ya trochilus imepauka. Collybita pia hupigapiga mkia kuelekea chini anapotafuta wadudu. Yeye hupenda miti mirefu. Mwenzake hupenda vichaka na miti michanga.

Mabawa ya trochilus ni marefu zaidi, maana safari yake ni kubwa. Collybita wengi wa Ulaya Magharibi huishia Mediterania na Afrika Magharibi wakati wa baridi, lakini trochilus wote huvuka Sahara, na wengi hufika Kenya na Tanzania. Kati ya Oktoba na Aprili mtafute kwenye migunga, hata bustanini.