TAHADHARI: Betri za "9900" wanazouziwa waunda sensa hapa Tanga

Wadau mnaogeuza rauta za zamani kuwa sensa za tangi la maji, kuna muuzaji anazunguka Ngamiani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Anauza seti nzima: bodi ya ESP8266 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), sensa ya HC-SR04 (inapima umbali kwa mawimbi ya sauti), moduli ya kuchajia ya TP4056 na betri mbili za 18650 (zile za lithiamu za mviringo kama za laptop) zilizoandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Bei chee kuliko Kariakoo, na hapo ndipo watu wanaponasa.

Hakuna 18650 ya 9900. Zile nzuri za viwanda vinavyoeleweka huchezea 3500 hivi. Jamaa wa Makorora kaniletea zake, zinakata chaji kabla ya magharibi. Nikachana ganda la kijani kwa wembe: ndani kuna ganda jingine limefifia, na upande wa hasi alama za kuchomelea zimepigwa tupa. Hiyo imetoka kwenye laptop iliyokufa, ikavishwa nguo mpya. Ya pili nyepesi mno; betri nzima ina gramu 45 hivi, kwa hiyo pima kabla hujalipa. Sina ugomvi na betri za laptop, mimi mwenyewe nazitumia, ila nazipima kwa mita kwanza. Iliyolala chini ya volti 2 siichaji kabisa, maana lithiamu iliyochoka ukiilazimisha inaweza kuwaka moto. Na TP4056 anayotoa ni ile isiyo na ulinzi wa betri, haina OUT+ wala OUT- (ncha za kutolea umeme kupitia ulinzi huo), kwa hiyo sensa inainyonya betri mpaka inakufa.

Halafu eti HC-SR04 "haiingii maji". Uongo mtupu! Macho yake mawili yako wazi, mvuke wa tangi unapenya, na kwa unyevu wa Tanga kutu haichelewi. Ya tangi ni JSN-SR04T, yenye jicho moja lililozibwa na waya mrefu.

Ukilalamika anakujibu, "Umeunguza mwenyewe, braza," kisha anakubloku. Duka hana. Anataka hela itangulie, tena kwenye namba ya mtu, siyo lipa namba, na jina linalotokea siyo lake. Aliyekwisha kulizwa atume namba hiyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na meseji za muamala asizifute, polisi watazihitaji.

Mwenye betri hizo nyumbani, asizichaji usiku watu wamelala. Ukizitoa, ziba ncha zote mbili kwa selotepu, usizitupe kwenye taka zinazochomwa.