Mpemba kwenye chuo cha kanisa: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika, simu yangu haipumziki. Vijana wa Wete, vijana wa Chake, swali ni lile lile: "Dada, wewe ulisoma chuo cha Wakristo, hawakukusumbua?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Jina la chuo sitalitaja, maana nina lawama zangu na sitaki kesi na mtu. Jueni tu ni cha kanisa, kipo Nyanda za Juu Kusini, nilisomea uhasibu, nikaingia 2018 nikatoka 2021.

Nianze na dini, kwa sababu najua ndiyo mliyoifuata. Kila Jumatano asubuhi masomo yanasimama saa nzima kwa ajili ya ibada. Sisi Waislamu hatukulazimishwa kuingia. Mimi nilikuwa nakwenda maktaba, na maktaba saa ile haina mtu, kimya kama msikiti baada ya adhuhuri. Nahisi nusu ya GPA yangu, yaani wastani wa alama, niliichuma Jumatano. Kulikuwa na somo la maadili ambalo kila mtu lazima alifanye, lina mtihani na lina sapu, mtihani wa kurudia ukifeli, kama masomo mengine. Nilipata B+, na mchungaji aliyetufundisha ndiye mwalimu pekee niliyepata kubishana naye mpaka kengele ikalia. Hijabu ruhusa, nikabu hapana, na hilo wanakwambia mapema.

Dahalia tulikaa wanne, mimi peke yangu ndiye wa kutoka visiwani. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, mwenzangu wa Njombe alitega simu yake saa kumi alfajiri. "Amka wewe, ule," halafu anajifunika blanketi anarudi kulala. Alifanya hivyo mwezi mzima, na mimi sikuwahi kumwomba.

Kwa hiyo mama, aliyenuna wiki nzima aliposikia naenda chuo cha kanisa, alinuna bure. Aliyenitetea ni babu, aliyesema misheni haikutoka Bara kuja kwetu, ilianza hapa hapa. Na ni kweli: wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walihamia Unguja mwaka 1864, wakasomesha watu Kiungani, hapo hapo Unguja, miaka mingi, mpaka chuo chao kilipohamishiwa Minaki, huko Bara, mwaka 1925. Mama hakujibu kitu, ila siku ya safari alininunulia blanketi zito la kupita kiasi. Nililicheka bandarini Mkoani. Sikulicheka tena baada ya basi kupanda mlima Kitonga, njia ya Iringa.

Ijumaa ndiyo lawama yangu ya kwanza. Mwaka wa kwanza test zetu mbili zilipangwa Ijumaa saa saba mchana. Wavulana wa Kiislamu waliandika barua, haikujibiwa. Wakaandika tena mwaka wa pili. Mwaka wa tatu ratiba ikabadilishwa, bila maelezo, kama vile ilikuwa hivyo tangu zamani. Chakula sina la kusema: maharage, ugali, maharage. Anayependa pweza asihadaike.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hamniulizi, nalo ndilo la maana kuliko yote: je, kinakuandaa kwa kazi?

Kuna ofisi moja ndogo nyuma ya jengo la utawala, ya ushauri wa ajira. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima, aliyestaafu benki. Wanafunzi wengi hawakuijua ofisi ile mpaka semista ya mwisho, na wengine waliijua siku wanachukua majoho. Mimi niliingia mwaka wa pili kwa kukimbia mvua. Akaniambia niandike barua ya kuomba kazi, nikaandika kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani: samahani kwa usumbufu, natanguliza shukrani, naomba uniwie radhi. Akaisoma, akavua miwani. "Mwanangu, barua hii inaomba msamaha. Kazi inaomba wapi?" Alinirudishia mara tano. Mara ya tano ilikuwa na mistari kumi na mbili, na kila mstari una jambo nililolifanya kwa mikono yangu.

Halafu usaili wa majaribio. Watu watatu mbele yako, mmoja ametoka ofisi ya mjini kweli kweli, wenzako wamekaa nyuma wanakusikiliza. Nilijibu huku nimeinamisha macho, kwa sababu kwetu mtu mzima hakodolewi macho. Mmoja akasema, "Binti, unazungumza na sisi au na meza?" Darasa zima likacheka. Mama wa ofisi akanifundisha baadaye niwatazame kwenye nyusi; wao wataona nawatazama, na mimi adabu yangu inabaki. Mpaka leo natazama nyusi.

Kwa hayo mawili peke yake, ada ilistahili.

Lawama ya pili, na hii ni kubwa: kile chuo kinakuandaa kufanya kazi Bara, kana kwamba sisi hatuna kwetu kwa kurudi. Fildi yangu moja, yaani mafunzo ya kazini, niliifanya Chake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka akanipa daftari la mauzo niandae hesabu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nikakaa siku mbili, nikapiga mistari kwa rula, nikampelekea kwa mbwembwe. Akapitisha kidole mpaka chini.

"Hii asilimia 18 umeitoa wapi?"

"Chuoni, baba."

"Chuo kiko Bara?"

"Ndiyo, baba."

"Basi 18 iache huko huko. Hapa 15."

Nilitamani nijifiche nyuma ya mifuko ya saruji. Duka lile lile kodi yake ya mapato inakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, lakini VAT ya mauzo ya hapa Zanzibar inakwenda kwenye mamlaka yetu wenyewe, wakati huo ikiitwa ZRB, Bodi ya Mapato Zanzibar, tangu 2022 ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Yule mzee alinieleza kwa dakika kumi, amekaa juu ya ndoo ya rangi, jambo ambalo sikulisikia darasani hata siku moja. Na mwalimu wa kunikagua? Wenzangu waliokuwa Mbeya na Iringa walifuatwa mpaka ofisini. Mimi nilipigiwa simu ya dakika sita. Boti ghali, akasema.

Likanirudia tena 2022, kwenye usaili wa nafasi ya serikali mjini Unguja. Nikaulizwa nani anakagua hesabu za Serikali ya Mapinduzi. Nikamtaja CAG wa Dodoma, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Muungano, kwa kujiamini, huku nawatazama nyusi. Wakatazamana. Zanzibar ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wake, na mimi Mpemba mwenye shahada ya uhasibu sikulijua hilo. Nafasi sikuipata na sikulalamika.

Kazi niliyonayo sasa, kampuni ya utalii hapa Unguja, niliipata kwa barua ya mistari kumi na mbili. Bosi aliniambia ndiyo barua pekee aliyoisoma mpaka mwisho.

Kwa nyota, nakipa tatu na nusu kati ya tano. Ukienda, nenda kwenye ile ofisi ndogo mwaka wa kwanza, usingoje mvua. Fildi ifanye nyumbani hata kama hawatakuja kukukagua, na sheria za fedha na kodi za Zanzibar zisome mwenyewe, maana hakuna atakayekusomesha kule.

Mdogo wangu wa kiume ameomba hapo hapo mwaka huu. Nilidhani mama atanuna tena. Jana kanipigia, hakutaja kanisa wala ibada. Ameuliza lile blanketi nimeliweka wapi.