Nyumba za kujipikia Tiwi: familia ya wamisionari ikague nini kabla ya kulipa

Picha za matangazo ya nyumba hizi karibu zote zimepigwa bahari ikiwa imejaa. Mgeni kutoka bara akifika saa 4 asubuhi siku ya bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, hukuta mwamba mtupu, vidimbwi na mwani, akadhani ametapeliwa. Hajatapeliwa. Kosa lake ni kuweka nafasi kwa kalenda ya shule bila kuangalia mwezi wa angani.

Tiwi iko pwani ya kusini ya Kenya, kati ya Likoni na Diani, na upande wa kusini inaishia kwenye mlango wa mto Mwachema, penye Msikiti wa Kongo. Mwamba unakinga ufuo, ndiyo maana watoto wadogo wanaoga kwa usalama kuliko penye mawimbi ya moja kwa moja. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo familia yenye watoto wa kuogelea ichague wiki ambayo maji mafu yanaangukia katikati. Wanaotaka kutembea hadi mwambani kutazama samaki na pweza wachague bamvua, watoke saa 3, na waanze kurudi mara maji yanapogeuka. Njia ya kurudi hujaa kabla ya mwamba wenyewe kufunikwa, na hapo ndipo watu hukwama.

Viatu viwe vya mpira vinavyofungwa. Kandambili huchomoka mguuni zikabaki majini. Wale wadudu weusi wa miba mirefu wamejaa kwenye mashimo ya mwamba, na mwiba ukiingia hukatika ndani. Vijana wa ufukweni watakupaka utomvu wa papai bichi. Maji ya moto yanayovumilika pia hupunguza maumivu.

Sasa kalenda. Rift Valley Academy ya Kijabe, shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1906 na inayosomesha watoto wengi wa wamisionari, hufunga Aprili, Agosti na Desemba. Kati ya hiyo, Desemba ndiyo yenye bahari nzuri: upepo wa kaskazi umeanza, maji ni maangavu, na bei iko juu. Aprili ni masika, nguo hazikauki. Agosti upepo wa kusi unavuma, mwani unarundikana ufuoni na maji yana vumbi la mchanga. Hata hivyo Agosti tunaipendekeza kwa familia ambayo haijaonana kwa miezi 3 na inachotaka ni baraza, kitabu na chakula cha pamoja. Kuna upepo, hakuna joto la kukosesha usingizi.

Usafiri umekuwa rahisi. Treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi inashusha Miritini, na kwa barabara ya Dongo Kundu unafika kusini bila kuingia kisiwa cha Mombasa wala kungoja feri ya Likoni. Lakini visu na mitungi ya gesi havipiti ukaguzi wa treni, na visu vya nyumba hizi, karibu zote, havikati hata nyanya. Nunua kimoja ukishafika. Kutoka barabara kuu hadi ufuoni ni njia ndefu yenye vichaka. Usiitembee kwa miguu ukiwa na mizigo, chukua tuktuk.

Jikoni ndipo nyumba nzuri na mbaya zinapoachana. Uliza mtungi wa gesi ni wa kilo 6 au 13, na nani analipa ukiisha. Mtungi wa kilo 6 uliokwisha nusu hautamaliza wiki kwa watu 5, hasa mkichemsha maharagwe. Maji ya bombani ni ya kisima, yana chumvichumvi. Sabuni haitoi povu na chai inaharibika ladha. Ya kunywa mnunue: watu 5, lita 3 kila mmoja kwa siku, ni lita 105 kwa wiki, yaani madumu 5 ya lita 20 na zaidi kidogo. Ongeza moja la kupikia. Samaki huletwa mlangoni kwa baiskeli: changu, tafi, kolekole, pweza. Tazama macho na matamvua kabla ya kuuliza bei, na mwambie muuzaji aparue hapo hapo. Chakula kisibaki barazani, kwa sababu tumbili wanajua saa ya mlo kuliko wenye nyumba.

Chandarua kikaguliwe kabla ya jua kuzama, pembe kwa pembe. Familia zinazoishi nyanda za juu husahau kwamba pwani kuna malaria, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea: dawa ya kinga haiishii siku ya kuondoka. Doksisaiklini huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari na huendelea wiki 4 baada ya kutoka. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huendelea siku 7. Mtoto akirudi bweni na vidonge vimebaki, mlezi wa bweni aandikiwe jina la dawa na tarehe ya mwisho. Homa ikija ndani ya majuma yanayofuata, apimwe, hata kama shuleni hakuna mbu.

Bei tuliyoona haifanani kabisa: nyumba nyingine hutoza kwa kichwa, nyingine nyumba nzima, na baadhi hupunguzia wamisionari iwapo tu wameuliza kabla ya kulipa amana. Uliza pia kama mpishi yumo ndani ya bei au analipwa kando, na kama siku yake ya mapumziko ni Jumapili, kwa maana mara nyingi ndiyo siku mnayomhitaji.

Kwa nyumba yenye makuti mapya, friji inayogandisha na vyandarua visivyotoboka, tunatoa nyota 4 kati ya 5. Ya makuti yaliyochoka hutoa vumbi kitandani kila upepo ukivuma, nayo hata kwa nusu bei tungeiacha.