Yamaha YZ250X katika njia za Kisongo na Monduli: tathmini baada ya mwaka mmoja

Anayetafuta pikipiki ya mashindano ya porini hapa Arusha hukimbilia kuuliza nguvu ya injini, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa ataiendesha wapi. Uwanja wa motokrosi wenye vilima vya kuruka unadai mashine ya aina moja, na njia za ng'ombe zinazotoka Kisongo kuelekea Monduli, zenye mawe, makorongo na vumbi laini kama unga, zinadai nyingine kabisa. Mimi huendesha zaidi katika njia hizo, na uwanjani huingia siku chache tu kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, baada ya miezi kadhaa ya kulinganisha, nilinunua YZ250X iliyokwisha kutumika.

Pikipiki hii, iliyoanza kuuzwa kama modeli ya mwaka 2016, imejengwa juu ya YZ250 ya motokrosi, lakini ina giaboksi yenye gia tano zilizoachana zaidi, gurudumu la nyuma la inchi 18 badala ya 19, stendi ya pembeni na shokapu laini zaidi. Injini ni ya mipigo miwili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 249, na uzito wake ukiwa na mafuta ni takriban kilo 104. Haina taa wala vifaa vya barabarani, hivyo hupandishwa kwenye pikapu hadi mahali pa kuendeshea.

Nilifikiria pia pikipiki za mipigo minne zinazotumia mfumo wa kunyunyizia petroli kwa kompyuta, na nakiri kwamba katika jambo moja zinaishinda hii waziwazi: zenyewe hupima hewa na kurekebisha petroli, iwe uko Tanga ufukweni au juu ya Oldonyo Sambu. Kilichoniamua ni matengenezo. Pistoni na ringi za injini ya mipigo miwili hubadilishwa na fundi makini kwa nusu siku, bila kugusa valvu wala mnyororo wa taimingi, na mafundi wanaoielewa kazi hiyo wapo hapa mjini.

Siku ya kwanza ilinivunja moyo. Injini ilikuwa nzito kuitikia mafuta, ilitoa moshi mwingi, na plagi ilitoka nyeusi na mbichi. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia kwamba haihitaji kuguswa, lakini kabureta ilikuwa bado imepangwa kama ya mtu anayeishi usawa wa bahari. Arusha ipo takriban mita 1,400, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Kabureta haijui hilo, nayo huendelea kumimina petroli ileile katika hewa iliyopungua. Tulishusha jeti kuu, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, kwa hatua moja, tukapima, kisha hatua ya pili, tukishusha pia kidogo sindano ya kabureta inayopunguza petroli, na kila mara tukisoma rangi ya plagi baada ya kuendesha kwa kasi. Ilipofika rangi ya kahawia, pikipiki ilikuwa nyingine. Ni muhimu kukumbuka kwamba anayeshuka na mashine yake kwenda Moshi, na hasa tambarare za chini ya mji, anaingia katika hewa nzito zaidi, na jeti iliyofaa Arusha inaweza kuwa ndogo mno huko. Petroli ikipungua, pistoni hupata joto na kukwama. Kwa hiyo mimi husafiri na jeti mbili mfukoni. Mafuta nachanganya kwa uwiano wa 30 kwa 1, yaani takriban mililita 167 za oili kwa lita 5 za petroli.

Hata hivyo, kazi iliyonipa faida kubwa kuliko zote ilikuwa ya shokapu ya nyuma, na nasikitika kuona watu wakitumia fedha nyingi kwa ekzosi kabla hawajaigusa. Pikipiki ikiwa juu ya stendi na gurudumu likining'inia, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoiweka kwenye madigadi. Ishushe isimame kwa uzito wake, pima tena. Kisha panda ukiwa umevaa buti, kofia na vifaa vyote, wenzako wawili wakikusaidia, mmoja akishikilia na mwingine akipima. Nilitafuta kudidimia kwa milimita 100 nikiwa nimekaa, yaani tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho. Nina kilo 92, na ili kufikia kipimo hicho nililazimika kuikaza springi ya kiwandani kiasi kwamba pikipiki ikiwa peke yake haikudidimia hata milimita 20, wakati ilipaswa kufika 30 au zaidi. Wengi hudhani hiyo ni dalili ya springi ngumu. Ukweli ni kinyume chake, kwani springi laini ndiyo hulazimika kukazwa kupita kiasi. Niliagiza springi ngumu zaidi ya nyuma na za mbele zinazolingana nayo, na mtikisiko wa usukani katika mawe ya Monduli ukapungua sana. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kugusa skrubu za mgandamizo na za mrejeo, zinazodhibiti kasi ya shokapu kushuka na kurudi, mibofyo miwili kwa wakati mmoja, kila badiliko nikiliandika kwenye daftari.

Mengine yalikuwa mepesi. Sproketi ya mbele ilipunguzwa jino moja kwa ajili ya makorongo, levea za klachi na breki zikainamishwa kidogo ili mikono inyooke ninapoendesha nikiwa nimesimama, na tyubu nene zikawekwa kwa sababu ya miiba ya migunga. Chujio la hewa la sponji nalisafisha na kulipaka oili kila baada ya siku moja ya kuendesha, bila kuahirisha, kwa kuwa vumbi letu la majivu ya volkano likipenya hula silinda upesi.

Kasoro ninayoiona hadi leo ni kwamba haina stata ya umeme, na kiti kipo juu sana. Injini ikizimika katikati ya mwinuko, mguu mmoja unatafuta ardhi huku mwingine ukipiga kiki, nami nimeanguka hivyo zaidi ya mara moja. Mwenye kimo kifupi aombe kuijaribu mlimani, injini ikiwa imezimwa, kabla hajalipa.