TAHADHARI: Wanaouza "kifurushi cha ndege hadi SGR" Mombasa

Ndugu zetu mnaotua Moi International na kutaka kuunganisha siku hiyo hiyo na treni ya Nairobi ya SGR (reli ya kisasa), someni haya kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna watu wanaotangaza Facebook na WhatsApp kwamba watakupokea uwanjani na kibao chenye jina lako, tiketi ya SGR wanayo tayari, gari linasubiri, na treni hutaikosa hata ndege ikichelewa. Kurasa zao hubadilishwa majina kila mara, kwa hivyo jina halitakusaidia. Kitakachokusaidia ni kujua wanavyofanya.

Anza na ahadi yao kubwa. Tiketi ya ndege na ya treni ni vitu viwili visivyojuana: ndege ikichelewa, hakuna anayeiambia treni isubiri, na hakuna dereva mwenye uwezo huo. Anayekuuzia "uhakika" anakuuzia kitu ambacho hana.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Miritini, kituo cha SGR cha Mombasa, treni za Nairobi ni ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya saa tisa alasiri inayokwenda kwa haraka, na ya saa nne usiku. Fika kituoni saa moja kabla. Ndege ya ndani ukiwa na begi la mkononi tu unatoka kwa robo saa. Ukingoja mzigo weka dakika 40. Ukitoka nje ya nchi weka saa moja na zaidi kwa ajili ya uhamiaji, mzigo na forodha. Kwenye ramani uwanja na Miritini viko karibu, na barabara ikiwa wazi dakika 25 zinatosha, lakini malori ya makontena yakifungana Magongo na Changamwe hiyo ni saa nzima. Kwa hivyo kwa treni ya saa tisa, ndege ya ndani iwe imetua kufikia saa sita mchana, na ya kimataifa saa tano. Kwa ile ya saa nne usiku, saa moja jioni, au saa kumi na mbili kwa anayetoka nje. Ya saa mbili asubuhi usiiunganishe na ndege, lala Mombasa.

Sasa tazama tangazo lao: "Ukitua saa saba na nusu tunakuwahisha ya saa tisa." Hata barabara ikiwa nyeupe, unaingia Miritini saa nane na nusu hivi, na hapo bado hujakaguliwa. Mabegi hupangwa chini kwa mstari yakanuswe na mbwa, kisha yapite kwenye mashine, kisha kitambulisho kilinganishwe na tiketi. Wanaotoka uwanjani ndio hukwama zaidi hapa, kwa sababu kwenye treni begi lako unalo wewe mwenyewe. Kisu kilichosafiri salama ndani ya mzigo wa ndege kitatolewa Miritini, na chupa ya pombe ya dukani uwanjani vilevile. Kufungua begi moja lililojaa kunakula dakika kumi.

Tuje kwenye tiketi, maana wizi wenyewe uko hapo.

Hila inayowanasa wengi ni nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa. Muuzaji anaingia kwenye mfumo wa kukata tiketi, anajaza jina lako na namba ya kitambulisho, anachagua treni, anapiga picha ya skrini na kukutumia. Unaona jina lako, tarehe sahihi, treni sahihi, unatuma pesa. Yeye halipi. Nafasi isiyolipiwa hufutika yenyewe baada ya muda mfupi, na wewe unaendelea kutembea na picha ya kitu ambacho hakipo tena. Ndiyo maana picha ya skrini si tiketi, hata iwe safi namna gani.

Nyingine ni kukuuzia tiketi halali yenye jina la mtu mwingine, wakikuambia "pale hawaangalii sana". Wanaangalia. Jina na namba ya kitambulisho au pasipoti visipolingana, huingii.

Ipo pia ya daraja. Tangu Januari 2024 nauli ya mtu mzima Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Wanakutoza ya kwanza wanakata ya kawaida, na unagundua ukiwa umeshika karatasi mlangoni mwa behewa. Wengine hukata tiketi ya mtoto, ambayo ni nusu nauli kwa wa miaka 3 hadi 11, halafu mtu mzima anajieleza getini peke yake. Kwa hivyo usisome jina tu: soma daraja, behewa, kiti, tarehe, saa na aina ya abiria.

Dawa ya haya yote ni kukata mwenyewe, kwa simu yako, na si kazi ngumu. Piga *639# au ingia metickets.krc.co.ke. Ukiwa kwenye intaneti tazama anwani hadi mwisho: lazima iwe na .krc.co.ke mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Tovuti za kuiga huweka maneno kama "sgr" na "madaraka" (kutokana na jina la treni, Madaraka Express) mwanzoni, kisha zikaishia kwingine kabisa. Lipa kwa hatua ambazo mfumo wenyewe unakupa. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu au Pochi la Biashara, M-Pesa itakuonyesha jina kabla ya muamala kukamilika; likitokea jina la mtu binafsi, katisha hapo hapo. Na kama ni lazima ndugu akukatie, ajaze namba yako ya simu, si yake, ili ujumbe wote na namba ya tiketi vije kwako. Tapeli hukataa sharti hili moja haraka sana, kwa hivyo litumie kama kipimo.

Msimu wa Pasaka, Agosti na Desemba viti huisha mapema, na ndipo matangazo haya huongezeka. Mfumo ukisema imejaa, imejaa. Hakuna "viti vya ofisini".

Gari likubaliwe kando na tiketi. Bei ijulikane kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na ulipe ukishashuka Miritini. Jihadhari na anayekuambia njiani kwamba treni imeshaondoka, tena akiwa na nauli mpya mdomoni: akukimbize Mariakani au Voi ukaikamate. Treni ya saa tisa haisimami Mariakani, na inakimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Gari linalopambana na malori ya barabara ya Nairobi haliifikii. Mwambie akupeleke Miritini hivyo hivyo ukaulize dirishani kwa macho yako. Kama kweli umeikosa, uliza nafasi ya usiku papo hapo. Ikikosekana, ulizia mabasi ya usiku ya Nairobi.

Kwa aliyekwishatuma pesa: dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe pesa zirudishwe. Hufaulu ikiwa mpokeaji hajazitoa, ndiyo maana usipoteze muda kubishana naye kwanza. Ujumbe wake wa utapeli usambaze kwenda 333. Usimtukane wala kumwambia umemjua, kwa sababu atafuta mazungumzo upande wake na kukufungia. Hifadhi namba ya muamala, sauti alizokutumia, picha ya ukurasa wake pamoja na anwani yake, na ile picha ya "tiketi". Nenda navyo kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa kuwa ndiyo utakayoulizwa na kampuni ya simu na kila atakayefuatilia baada ya hapo.